Mgongo wa Benedicto Mseti na Mtu Aliyekuja Kuusikiliza

Mzee Benedicto Mseti Nyangwine, tunayemzika leo Jumamosi tarehe 16 Agosti 1958, alizaliwa Kemambo mwaka 1904, mtoto wa mzee Nyangwine na mama Robi. Mama yake alifariki mwaka 1912, na mtoto hakuonekana kulia. Watu walimsifu mno, na sifa hiyo ndiyo iliyomharibu. Tangu siku ile alitaka jambo moja tu duniani: afe bila mtu yeyote kumsikia akilia.

Mwaka 1921 alitahiriwa. Alisimama kama nguzo ya zizi. Aliyemfuata mstarini alikuwa rafiki yake Waitara, naye, kwa maelezo ya marehemu, alipepesa jicho kisu kilipopita. Hakuna mwingine aliyeona. Marehemu alitangaza habari hiyo kabla damu haijakauka, akamwita Kope. Waitara ameitwa Kope hadi leo, na wake zake, na wakwe zake, na hata watoto wanaomchungia mbuzi. Ng'ombe wake walipoibwa akiwatazama, akaenda barazani kutoa ushahidi, wazee walimuuliza ameona nini ilhali alikuwa amefumba macho. Ng'ombe hawakurudi.

Marehemu alisoma misheni kuanzia mwaka 1922 hadi 1924. Alitoka na ubatizo, kalamu na Kiswahili, na kati ya hivyo vitatu alichokitumia kila siku ni Kiswahili.

Kiswahili hicho kilimpa kazi ya ukalimani barazani, aliyoifanya tangu mwaka 1929 hadi 1955. Mama mmoja aliyeunguliwa na nyumba alilia mbele ya Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, asubuhi nzima, akitaja kimoja kimoja kilichoteketea, pamoja na mtoto. Bwana Shauri akauliza anasema nini. Marehemu akajibu, "Anasema amepata hasara." Alipenda kuisimulia hadithi hii kwenye harusi, na wengi wenu mliicheka.

Mwaka 1927 alifunga ndoa na Agustina Ghati, binti wa Nyambureti. Kila mkewe alipojifungua, marehemu alisimama nje ya nyumba kusikiliza kama atapiga kelele. Mama Ghati hakupiga. Anasema alikuwa na mengi ya kusema, ila si kwa mtu aliyesimama pale.

Mwezi Machi 1957 mgongo ulianza. Marehemu alilaumu baiskeli, akaiuza. Mgongo haukujali. Zilipovimba tezi za shingoni alipakiwa kwenye lori la mahindi Sirari, akavuka mpaka hadi hospitali kubwa, na huko daktari akasema ni saratani ya tezi, imekwisha kuingia kwenye pingili za uti wa mgongo. Dawa yake ilikuwa sindano ya mshipa, ya ukoo mmoja na gesi ya sumu ya vitani. Daktari alilitaja hilo kwa fahari kidogo. Dawa ilimtapisha, na kila akitapika mgongo ulikunjika palepale palipoliwa na saratani. Hakuweza tena kulala chali.

Muuguzi mmoja, Bernadetha, alimfundisha Mama Ghati namna ya kuishi na mgongo huo kati ya sindano na sindano. Alazwe ubavu, blanketi lililokunjwa katikati ya magoti. Akigeuzwa, ageuzwe mzima mzima kama gogo, asipindwe. Beseni liwekwe juu ya sanduku ili asiinamie kutapika. Chumvi ikaangwe, itiwe kwenye kitambaa, awekewe kiunoni. Hakuna kilichoondoa maumivu. Yalianza tu kuja kwa zamu.

Aliporudi nyumbani, Waitara alifika na kigoda chake, akaketi mlangoni. Alikuja kila siku. Hakuficha alichokifuata: kumsikia akilia.

"Unaendeleaje, mura?" aliuliza kwa Kikurya, akimwita kijana kama walivyoitana tangu jandoni.

Marehemu, jasho likimtoka, akajibu kwa Kiswahili kilekile cha barazani: "Maumivu yamefika mapema leo, nayo yamesimama upande wa kushoto."

Waitara hakujua Kiswahili. Akamgeukia Mama Ghati. "Amesema nini?"

"Amesema karibu uji."

Hivyo ndivyo marehemu alivyouvumilia mgongo mwaka mzima: aliutolea taarifa. Waitara alishuku kwamba huko ndiko kulia kwenyewe, akapeleka shauri kwa rika lao. Mzee Mniko, aliyepo hapa na jembe lake, aliamua kwamba Kiswahili ni lugha ya kodi na kanisa, na mwanamume hawezi kulia kwayo. "Katekista anatuhubiria moto wa milele kwa Kiswahili," alisema, "nani amewahi kushtuka?"

Waitara akaenda kuanza katekisimu ili apate Kiswahili. Aliketi na watoto, akakariri, akabatizwa Tomaso. Padre alifurahi kupata kondoo. Hakujua kondoo yule alikuwa anawinda. Ila kila aliporudi kwenye kigoda chake alikuta marehemu amehamia kwenye maneno magumu zaidi, na sala alizofundishwa hazikuwa na neno moja juu ya uti wa mgongo.

Sindano ya mwisho alichomwa mwezi Julai. Jumatatu iliyopita, mchana, akitapika, pingili moja ilibonyea. Kiswahili kikamwishia. Mzee Benedicto Mseti alilia kwa Kikurya, kwa sauti, akimwita mama yake aje amtoe mgongoni. Waitara alikuwa mlangoni.

Alikimbia hadi kwenye pombe ya rika lake kuwaambia. Walicheka mpaka wakaweka mirija chini.

"Kope amesikia," alisema Mniko. "Macho yalimshinda, sasa amehamia masikioni."

Waitara aliapa kwa jina lake jipya. Wakacheka zaidi. Alipoanza kutokwa machozi ya hasira, wakasema hilo nalo wamelihesabu.

Marehemu alilia vivyo hivyo hadi Alhamisi tarehe 14 Agosti, saa saba mchana, alipofariki. Rika lake, ambalo halikuja kusikiliza, limemchimbia kaburi kwa nyimbo za mtu asiyelia.

Jana Mama Ghati alituita sisi tunaoandika karatasi hii. Maneno yake tunayasoma kama alivyoyasema:

"Andikeni kwamba alilia. Mimi nilikuwa nimemshika kiuno. Mwaka mzima nilimgeuza, nikamfuta matapishi, naye akinisemesha kama mimi ni Bwana Shauri. Siku aliyolia ndiyo aliyoongea na mimi. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kumsikia. Sasa hawa wamekuja na nyimbo zao wanataka kumzika yule wa barazani. Yule simjui. Wamwambie Waitara kwamba alisikia vizuri."

Mzee Waitara, ulisikia vizuri. Kama ulipepesa jicho mwaka 1921 au hukupepesa, aliyekuwa na jibu yuko ndani ya sanduku hili, na hakulitoa hata alipoombwa na padre. Pole sana. Wenye majembe wanaombwa wasinong'one wala wasiyaweke chini. Shimo limekwisha kuchimbwa, na halina kipimo tofauti kwa waliolia.

Marehemu ameacha mjane, Agustina Ghati, watoto Verdiana, Simoni na Robi, wajukuu, na mtu mmoja mlangoni, Tomaso Waitara, ambaye hana tena pa kwenda mchana.

Ashushwe mzima mzima, asipindwe. Alale chali, na alale kwa amani.