Nilimsindikiza Achol Kupimwa, Nikapatikana Mimi

Wapendwa wa Lodwar, na ninyi mliosafiri kutoka Kakuma asubuhi hii, nawasalimu kwa jina la Yesu, aliyeniona kabla mimi sijajua kwamba nahitaji kuonwa. Sifa zote ni zake! Mchungaji amenipa nafasi, nami nitaeleza mambo kama yalivyokuwa, hata yale yanayonitia haya.

Jina langu ni Rispa, lakini wengi mnaniita Mama Deborah. Mimi ni fundi wa kushona. Nilitoka Kitale na mume wangu miaka kumi na sita iliyopita, alipohamishiwa huku kufundisha. Sare za kwaya mnazoziona pale mbele ni kazi ya mikono yangu. Na kama mnavyojua, mmenichagua mara mbili kuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa hili.

Ndugu zangu, ni katika kiti hicho nilipokosea. Mwaka juzi nesi anayeitwa Akiru, binti wa hapa hapa Turkana, alikuja ibadani kututangazia upimaji wa saratani ya mlango wa kizazi. Alizungumza taratibu. Alisema ugonjwa huu huchukua miaka mingi kabla ya kujitokeza, na kwamba mwanamke aliyefikisha miaka ishirini na mitano anafaa kupimwa hata kama hasikii maumivu yoyote. Akatukaribisha kliniki siku ya Jumatano, kisha akaondoka.

Alipotoka tu, nilisimama. Nikawaambia akina mama kwamba mtu anayemtegemea Mungu hazunguki akitafuta magonjwa. Wengine walicheka, wengine wakapiga makofi. Jumatano ile Akiru alikaa kliniki toka asubuhi mpaka alasiri, na hakuna mwanamke hata mmoja wa kanisa letu aliyefika.

Watu walidhani ile ni imani. Leo nawaambia ilikuwa hofu. Shangazi yangu alikufa na ugonjwa huu kule Kitale nikiwa msichana. Nilimpelekea uji chumbani, nikawa nauweka mlangoni na kukimbia kwa sababu ya ile harufu. Nyumbani walinong'ona kwamba ni laana, kwamba aliishi vibaya ujanani. Nilikua na maneno hayo moyoni. Kwa hiyo saratani ilipotajwa kanisani, niliifunika hofu yangu kwa jina la Mungu, nikaziba na njia ya wenzangu.

Sasa nije kwa Achol. Achol ni dada yetu kutoka Sudan Kusini, anauza vitenge kule kambini Kakuma. Nimenunua vitambaa kwake miaka saba. Ana watoto watano na anaomba kuliko mimi. Siku moja nilimkuta amekaa nyuma ya kibanda chake, vitenge havijafunguliwa, na ilikuwa karibu saa sita. Nikamsalimia, hakuinuka. Nilipokaa karibu naye ndipo akanieleza kwamba anatoka damu katikati ya mwezi, na akikutana na mume wake pia anatoka. Hali hiyo ilikuwa imedumu miezi minne.

"Mimi najua hii ugonjwa," akaniambia. "Itaniua hapa, mbali na kwetu."

Nilitaka kumwambia yale niliyowaambia akina mama kanisani. Lakini, ndugu zangu, niliona namna alivyoushika mkono wangu, nikajisikia nikisema, "Amka, twende kliniki."

Tulipofika, nesi aliyetupokea alikuwa Akiru. Alikuwa amehamishiwa Kakuma miezi michache tu iliyotangulia. Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akanitazama, akatabasamu, akanisalimia kwa Kiturkana, "Ejok, Mama Deborah," kama mtu ambaye hana neno nami moyoni.

Akaeleza kwamba mtu anayetoka damu namna ile hasubiri siku ya upimaji wa wote, lazima achunguzwe siku hiyo hiyo. Lakini tulipofika mlango wa chumba, Achol akasimama. Akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Wewe ingia kwanza," akaniambia. "Ukitoka mzima, mimi naingia."

Nilimtazama Akiru nikitumaini atakataa. Akasema, "Karibu, mama. Umri wako ni wa kupimwa."

Basi niliingia kwa ajili ya Achol. Sikuingia kwa ajili yangu. Nililala kitandani nikiangalia mabati, nikimwombea rafiki yangu. Akiru alinieleza kila anachofanya kabla hajakifanya. Kuna kifaa cha kufungulia njia, haikuwa raha lakini haikuuma. Kisha akachovya pamba kwenye maji fulani, harufu yake nikaitambua. Ilikuwa siki. Siki, wapendwa, hii ya jikoni! Aliniambia kwamba siki ikipakwa kwenye mlango wa kizazi, sehemu yenye chembe zilizoharibika hugeuka nyeupe baada ya dakika moja. Kuna mahali pengine hutumia kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe, lakini pale walikuwa na hicho.

Tukasubiri. Akiru akasogeza taa.

"Mama Deborah," akasema, "hapa kuna sehemu imekuwa nyeupe."

Mimi ambaye sikuwa na maumivu. Mimi ambaye sikutoka tone la damu. Siku iliyotangulia nilikuwa nimeshona tangu asubuhi hadi jioni bila kuchoka. Niliona chumba cha shangazi na lile bakuli la uji mlangoni.

Akiru akanisaidia kukaa. Akaniambia nimtazame. "Hii si saratani," akasema. "Ni chembe zilizoanza kubadilika. Zikiachwa, baada ya miaka zinaweza kuwa saratani. Zikitibiwa sasa, tumeikatia njia."

Nikamuuliza nimekosa nini. Akasema kisababishi kikubwa ni virusi vinavyoitwa HPV, ambavyo hupitia tendo la ndoa, na karibu kila mtu aliyewahi kuwa na mwenzi hukutana navyo. Wengi miili yao huviondoa yenyewe. Kwa wengine vinabaki, vinanyamaza miaka na miaka. Kuvuta sigara kunaongeza hatari, na kinga ya mwili ikiwa chini, kama kwa anayeishi na virusi vya ukimwi, hatari inaongezeka zaidi, ndiyo maana hao hupimwa mara nyingi kuliko wengine. Kuzaa watoto wengi nako kunachangia. Nilisubiri ataje laana. Hakuitaja.

Nilitoka nje, Achol akanitazama usoni. Sikumdanganya. Nilimwambia, "Wamepata kitu, na kinatibika. Ingia." Akaingia. Walimkuta na kinyama kidogo kimeota, ndicho kilichokuwa kinatoa damu. Wakakitoa na kukipeleka maabara, na majibu yaliporudi hakikuwa na saratani. Yule aliyekuwa anatoka damu akarudi kwa vitenge vyake. Yule msindikizaji ndiye aliyekuwa hatarini. Nikifikiria hapo, wapendwa, mpaka leo nywele zinanisimama.

Niliomba nirudi kwanza nyumbani nizungumze na mume wangu. Huo ulikuwa mlima mwingine. Nitamwambiaje mwanamume kwamba nina kitu kinachopitia tendo la ndoa? Jumamosi baada ya chakula cha mchana nilimweleza yote. Alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Akaiweka kalamu chini.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekuletea?" akauliza.

"Nesi amesema haiwezi kujulikana. Inaweza kuwa tangu kabla hatujajuana."

Akafunga daftari lililokuwa mbele yake. Kisha akasema, "Sikukuoa nikiwa malaika, Rispa, na unajua. Jumatatu naomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Tunaenda wote."

Na akaenda. Akakaa kwenye benchi pale nje akiwa mwanamume pekee kati ya akina mama, akashikilia mkoba wangu. Akiru aliziunguza zile chembe kwa kifaa cha joto. Nilisikia mkazo kama wa tumbo la mwezini, na kabla sijamaliza kuomba, akasema tumemaliza. Alituagiza tusikutane kimwili kwa wiki sita, na nirudi baada ya mwaka. Mwezi uliopita nilirudi. Wakapaka siki, wakasubiri, hapakuwa na weupe.

Nimesikia hapa shuhuda za watu walioinuliwa kutoka kitanda cha mauti. Mimi sikufika kwenye kitanda hicho. Mungu alinikuta njiani nikielekea huko nikiimba, nikiwa na afya, nikiwakataza wengine, akanigeuza kwa mkono wa mwanamke aliyeogopa mlango. Sijui niseme nini mbele za Mungu wa namna hiyo. Mara nyingine nikiwa kwenye cherehani, miguu inasimama yenyewe.

Mwaka jana, wiki chache baada ya kutibiwa, nilitubu mbele yenu, na Akiru akaja tena kwa mwaliko wangu. Alipomaliza kuongea, wa kwanza kuinuka alikuwa Mama Lokol. Hatukujua kwamba alikuwa anatoka damu, mama aliyekwisha kukoma hedhi. Alikuwapo pia ile siku niliyowarudisha nyuma. Yeye alikutwa na saratani yenyewe. Amepitia matibabu ya mionzi Eldoret na wiki hii yuko huko tena kwa uchunguzi. Nilimpigia simu kumwomba msamaha kwa mara nyingine. Akaniambia, "Wewe endelea kuwaambia." Kwa hiyo naendelea.

Akina mama, tukapimwe. Usisubiri maumivu, maana yakija huwa tumechelewa. Matiti pia yaangaliwe. Wasichana wetu wa miaka kumi hadi kumi na minne wapelekwe chanjo ya kuzuia virusi hivi, mwanangu wa mwisho ameshachanjwa. Na akina baba, mliofika umri wa kuulizia tezi dume, ulizeni. Tumbaku tuiache, ya kuvuta na ya kutafuna, kwa maana nimeambiwa inaharibu koo na mdomo pia.

Asante Yesu. Asante Akiru, ulinisamehe kabla sijaomba. Jumatano saa tatu nitakuwa kwenye lango la hospitali. Anayeogopa aje, nitamshika mkono, na akitaka niingie kwanza, nitaingia. Mtumaini Bwana, dada yangu, kisha ufungue ule mlango.