Lori Likipiga Honi, Siwema Apande

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mlangoni. Na wewe Hemedi, ziondoe hizo ngoma motoni! Unadhani sizisikii mkizikanza? Baba yenu sijafa, ninyi mnaandaa ngoma ya pepo mumcheze dada yenu! Mmenichosha, wallahi mmenichosha.

Nisikilizeni. Mwaka ule kaka yenu Salumu alipoanguka shambani, moyo ukimwenda mbio hata shati linatikisika, hospitali ilikuwa mbali na mganga alikuwa jirani, basi nikaita ngoma. Mimi, si mtu mwingine. Akachezwa siku tatu, kila akianguka tunapiga makofi, eti pepo kapanda, na mara ya mwisho tulipiga makofi mwenzetu amekwisha kufa. Nami nilipiga, baba yake mzazi. Kisha tukasema karogwa, tukamnunia shangazi yenu Biubwa mpaka akahamia Kibaha. Nendeni mkamwombe radhi kwa ajili yangu, hakuwa na kosa lolote.

Leo Siwema anaanguka vile vile. Dresa, yule mtibabu wa zahanati ya misheni kule Maneromango, alimsikiliza kifua kwa mipira yake, akasema huu ni moyo, unapiga ovyo, akaandika barua aende hospitali kubwa Dar es Salaam. Barua hiyo, Maneno, umeilalia chini ya mkeka wiki ya tatu sasa! Eti ile ni hospitali ya wenye viatu, sisi tutasukumwa mlangoni. Haya, msukumwe! Simameni hapo hapo mpaka wachoke kuwaona. Karani wa boma alipougua, gari lilimfuata mpaka kitandani; sisi hatufuatwi na mtu, tutakwenda wenyewe.

Nyumba ni ya mama yenu Mwanahalima. Minazi ya bondeni uzeni yote, iwe nauli na matibabu. Usinikodolee macho, Maneno, hukuipanda wewe.

Lori la mihogo linapita kesho asubuhi. Nikitangulia kabla yake, nawajua, mtasema mtoto haondoki baba hajazikwa. Ataondoka! Majirani wapo, watanizika. Usilie, Siwema, mama, lete mkono... Mungu akupe umri niliomnyima kaka yako. Nanyi wawili radhi yangu mnayo, ila... ngojeni nipumue... Maneno, barua iko wapi? Mpe aishike mwenyewe. Hivyo. Likipiga honi msinitazame mimi... mpandisheni.