Mwalimu Editha Komba, Mjomba wa Lubundwe

Tarehe 30 Juni 2025 Mwalimu Editha Komba anaweka chaki chini. Ameishika kwa miaka thelathini na sita, na kumi na minne ya mwisho ameishikia kwetu, Shule ya Msingi Lubundwe, akiwa mwalimu mkuu. Sheria inasema mtumishi akitimiza miaka sitini akapumzike. Sheria yenyewe haijawahi kupanda mlima wa Lubundwe pamoja na Mwalimu Editha, ingejua nani kati yao anahitaji kupumzika.

Mzaliwa wa Songea huyu alianza kazi Dakawa mwaka 1989, katikati ya mashamba ya mpunga. Mwenyewe hupenda kusimulia kuwa wanafunzi wake walifika darasani na matope hadi magotini, akaamua somo la kwanza la siku liwe kunawa miguu. Baadaye akahamia Kihonda, akaolewa huko, akalea watoto watatu na kujijengea jina katika hisabati. Mwaka 2011 ikaja barua ya kumleta milimani. Rafiki zake wa mjini walimpa pole na kumuuliza amemkosea nani.

Siku aliyoripoti mvua ilikuwa inanyesha. Bodaboda ilimfikisha pale barabara inapoishia, kilichobaki akakipanda kwa miguu, amevaa viatu vya kisigino. Aliingia ofisini na kiatu kimoja mkononi, cha pili kimebaki kwenye tope, akatusalimia huku anacheka peke yake. Sisi tuliokuwepo tulimpa miezi mitatu. Kesho yake alikuja na viatu vya plastiki, yeboyebo za bluu, na tangu hapo amezimaliza jozi nyingi kuliko mtoto yeyote wa shule hii.

Kilichomsumbua mapema si mlima, ni wasichana. Huku kwetu binti akivunja ungo huwekwa ndani, akafundwa na kungwi, mpaka siku anapotolewa kwa ngoma na vigelegele. Ni mila ya heshima na hakuna mwenye akili anayeibeza. Tatizo ni kwamba ungo hauangalii kalenda ya shule. Binti wa darasa la saba alikuwa anatoweka muhula mzima, akirudi mtihani umeshapita, na wengine hawakurudi kabisa.

Mwalimu Editha akaita mikutano ya wazazi. Kina baba walikuja, kofia zimenyooka, wakasikiliza hadi mwisho wakajibu, "Sawa mwalimu, tumekuelewa." Wakirudi nyumbani, kimya. Akaita tena, wakaja tena, sawa mwalimu, kimya. Ofisini tukakubaliana kwamba wazazi wa Lubundwe ni waongo wenye adabu. Wao nao, tulikuja kujua baadaye, walishakubaliana kwamba walimu ni watu wa kufoka tu.

Mwaka 2012 ikafika zamu ya Sabra, kichwa cha darasa la saba, aliyewekwa ndani mtihani ukikaribia. Baba yake, Mzee Mansuri, akaulizwa mkutanini atamtoa lini, akajibu kama kawaida kuwa ameelewa. Hapo Mwalimu Editha akachemka. Akamwambia mbele za watu, wakwe zake wakiwemo, kwamba yeye ni baba jina tu. Lo! Mzee Mansuri akainuka, akatoka, na mkutano mzima ukainuka nyuma yake. Mkutano uliofuata tulihudhuria walimu peke yetu, pamoja na mbuzi mmoja aliyekuwa anakimbia jua.

Baada ya siku chache Mzee Mansuri alirudi mwenyewe, na mkungu wa ndizi begani, maana mtu mzima haendi kwa mwenzake mikono mitupu hata kama ana kinyongo. Akasema kwa upole maneno ambayo nayakumbuka hadi leo: "Mwalimu, umempiga asiyehusika. Mimi ni baba, nalisha, navisha. Lakini mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na wa kusema atoke au akae ndani ni mjomba. Ukiniuliza mimi nitasema sawa, kwa sababu kumkatalia mgeni si adabu."

Jamani! Mwalimu Editha anatoka kwa watu ambao ukoo ni wa baba, na hakuwahi kufikiri kuna kwingine. Walimu wengi tulikuwa hivyohivyo, watu wa Njombe, Singida, Bukoba, tumekula ndizi za Lubundwe miaka na miaka bila kuuliza nani mwenye mtoto. Wenzetu wawili wenyeji wa hapa walidhani tunajua. Kumbe muda wote shule ilikuwa inabisha hodi kwenye mlango usiokuwa na mwenyewe.

Mwalimu wetu wa taaluma, Yeremia, alitaka mjomba aitwe kwa barua yenye muhuri. Mwalimu Editha akakataa. Alisema muhuri unaweza kumleta mtu, lakini mtu mwenyewe atakuja na kisirani chake. Akavaa yeboyebo, akaniambia mimi nimsindikize.

Mjomba wa Sabra alikuwa Mzee Abdulmajid, Mungu amrehemu, mkulima wa pilipili manga na mdalasini, nyumba yake iko juu kabisa. Mwalimu Editha alitoa shikamoo, akakaa mkekani, akasema amekuja kujitambulisha na amechelewa mwaka mzima, anaomba radhi. Akasema pia amemkosea Mansuri mbele za watu, hivyo atamwomba radhi mbele za watu. Kisha akaanza kuulizia pilipili manga: inapandwaje, inachumwa lini, kwa nini hii ni nyeusi na ile nyeupe. Sabra hakutajwa. Nikamkanyaga mguu kumkumbusha, naye akanikanyaga mara mbili. Tukiwa tunashuka aliniambia kwamba habari ya Sabra ina mwenyewe, na mwenyewe ataifungua akiwa tayari. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni wiki zilizobaki na nikamwona mama huyu hana haraka hata chembe.

Radhi ya Mansuri aliiomba kwenye mkutano wa kijiji, amesimama, bila kuzungukazunguka. Kigelegele kikapigwa na Bibi Furaha, ambaye ndiye alikuwa kungwi wa Sabra, na mkutano mzima ukacheka kwa raha. Wiki hiyohiyo Mzee Abdulmajid akashuka hadi shuleni. Akaingia darasa la saba, akaona dawati lenye nafasi, akauliza ni ya nani. Alipojibiwa, alikaa pale yeye mwenyewe kwa muda, magoti yamembana. Ndipo akasema lililokuwa moyoni: miaka yote shule inatuma maneno kwa mashemeji zake kana kwamba yeye hayupo, sasa mtu asiyekuwepo atatoaje ruhusa?

Wakazungumza yeye na Mwalimu Editha. Mwali hatoki kabla ya siku yake na hatazamwi na wanaume, lakini mwalimu mwanamke anaweza kuingia. Basi kila jioni tulipanda, yeye na hisabati yake, mimi na Kiswahili changu, tukamfundisha Sabra ndani, Bibi Furaha akisikiliza kwa makini. Tulipofika kwenye hesabu za sehemu, na chapati moja ikagawanywa vipande vinane, bibi alipinga waziwazi kwamba huo si ukarimu.

Likabaki la mtihani. Mjomba alikuwa tayari kuiwahisha siku ya kumtoa mwali, itangulie mtihani, ila mavuno ya mwaka ule yalikuwa duni, na ngoma isiyo na chakula ni aibu ya ukoo mzima. Mwalimu Editha akawapigia simu watu wake wa Dakawa. Mchele ukaja mpaka pale barabara inapoishia, na kutoka pale ukapandishwa na walimu wa Lubundwe, vichwani, mchana kweupe, Yeremia akiwa mbele, analalamika hatua kwa hatua na hapumziki. Watu walitoka majumbani kutazama. Wengi wanasema ndiyo siku walipotujua sisi ni nani. Ngoma ikachezwa, mwali akatoka, na siku ya mtihani Bibi Furaha alimsindikiza hadi getini akakaa hapo mpaka karatasi ya mwisho. Sabra alifaulu. Leo ni muuguzi Morogoro Mjini, na mtamwona hapa shereheni, karibu na keki.

Tangu mwaka ule, kila muhula unapofunguliwa, wajomba wanakaa na kina mama, kina baba na walimu chini ya paa moja. Wao waliahidi mwali atawekwa ndani likizo ya Desemba, baada ya mtihani. Sisi tuliahidi hakuna mzazi atakayefokewa mbele za watu, na tatizo la mtoto litapelekwa kwanza nyumbani kwao. Walimu wenzangu hawakulipokea hilo kwa shangwe. Yeremia aliuliza, leo mjomba, kesho babu, kesho kutwa nani? Mwalimu Editha hakumlazimisha mtu. Alisema anayekwenda kutembelea nyumba, vipindi vyake atavishika yeye, na akavishika, hata vya darasa la kwanza, ambalo lilimshinda vibaya mpaka leo hataki lizungumziwe.

Matunda yake yanaonekana kwa macho. Kwa miaka kadhaa sasa hakuna binti wa Lubundwe aliyekosa mtihani kwa sababu ya kuwekwa ndani. Wajomba wamejenga nyumba mbili za walimu kwa mikono yao. Walimu waliokuwa wakiomba uhamisho kabla hawajafungua begi sasa wanaomba viwanja, na wa kwanza kuomba alikuwa Yeremia. Naye Mwalimu Editha akapewa jina. Mzee Abdulmajid alianza kama utani kumwita Mjomba, kijiji kikadaka, na sasa kuna watoto wa darasa la pili wanaodhani Mjomba ni cheo cha serikali.

Lakini mwaka huu ulipoanza, kila mtu alikuwa na swali moja: akiondoka yeye, haya yote hayaondoki naye? Mimi niliyeteuliwa kukaimu nafasi yake ndiye niliyekuwa na hofu kuliko wote. Makabidhiano ya ofisi tuliyamaliza asubuhi moja, funguo, madawati, basi. Makabidhiano yaliyobaki aliyafanya kwa miguu, nyumba kwa nyumba, ananitambulisha upya kwa watu wanaonijua miaka yote, na mimi nimevaa yeboyebo.

Tulipofika kwa Abasi, mpwa wa marehemu Mzee Abdulmajid na mrithi wa nafasi yake, tulikwama. Mtoto wa dada yake, Hafidha, yuko darasa la saba na amevunja ungo mwezi Mei. Abasi alisema wazi, bila ubaya: "Ahadi ya Desemba marehemu alimpa Mjomba Editha. Hakuwapa nyie." Nilimgeukia Mwalimu Editha nikitegemea aseme neno, maana neno lake moja lingetosha. Akanywa chai yake, akashukuru, akaaga. Wiki iliyofuata akachukua likizo, akaenda Kihonda kwa wajukuu na kuzima simu. Nilimkasirikia sana, na leo namwambia mbele yenu.

Nikapanda kwa Abasi peke yangu. Nikatoa salamu, nikakaa mkekani, nikaulizia pilipili manga. Jina la Hafidha lilikuwa linaniwasha ulimini, nikalimeza pamoja na chai. Nikarudi bila jibu. Kisha nikaita mkutano kwa jina langu mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Saa iliyopangwa ilipofika, madawati yalikuwa matupu, na nilimwona mbuzi anakuja. Nikasema basi, yamekwisha, tumerudi tulikotoka.

Wakaanza kuingia. Mzee Mansuri, na fimbo yake. Kina mama wa juu. Wajomba, mmoja mmoja, wakijifuta matope mlangoni, mpaka wengine wakakosa pa kukaa. Abasi alifika mwisho na akasimama kabla sijafungua mkutano. Alisema: "Huyu mwalimu amekuja kwangu peke yake. Amekaa, amekunywa chai, ameuliza habari za shamba, na mtoto wangu hajamtaja hata mara moja. Huyu amefundwa. Hafidha atangoja Desemba." Kigelegele mlikisikia, nadhani, hadi mjini.

Jioni ile Mwalimu Editha aliwasha simu, akanipigia. Hakusalimia, na si kawaida yake. Aliuliza tu, "Walikuja?" Nikamwambia, "Walikuja, Mjomba. Madawati hayakutosha." Nikamsikia analia, na hasira zangu zote zikaniishia palepale.

Mwalimu Editha, walimu, wazazi, wajomba na watoto wa Lubundwe tunasema asante kwa sauti moja. Asante kwa kuuliza tusichowahi kuuliza, na kwa kuomba radhi ukiwa umesimama. Nenda Kihonda ukapumzishe magoti, ucheze na wajukuu, ulale mpaka jua liwe juu. Tunakuombea afya, amani na siku nyingi za furaha. Ila usizitupe yeboyebo. Abasi ameshatandika mkeka wa wajomba kwa ajili ya ngoma ya Hafidha na anasema nafasi yako iko pale. Mwalimu mkuu anastaafu, mjomba hastaafu. Tunakungoja Desemba.

Mwalimu Catherine Msemwa, kwa niaba ya walimu wa Lubundwe