Mama Mizani na Vipande Hamsini na Vinne

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mizani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, kifungua mimba wa fundi wa kuchomelea vyuma na mshona nguo. Akiwa na miaka saba alimrudisha mama dukani akidai kilo ya sukari haikutimia. Muuza duka alipima upya, akaongeza, akanung'unika, "Huyu mtoto siku nyingine mwache nyumbani!"

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1982, sekondari 1988, na shahada ya uhandisi 1993.

Januari 1994 aliajiriwa katika maabara ya chuo. Kazi yake ilikuwa kukandamiza kipande cha alumini iliyochanganywa na chembe za kauri juu ya sahani ya chuma inayozunguka, kisha kukipima uzito kuona kimelika kiasi gani. Mota ya mashine ilipoharibika, aliitwa fundi umeme. Alikuja mara nne, ingawa mota ilipona siku ya kwanza. Walifunga ndoa tarehe 3 Agosti 1996.

Novemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Miezi mitatu baadaye, akikwangua weusi kwenye kipande cha zamani, alisogeza sumaku, na unga ukairukia. Alumini haivutwi na sumaku. Kauri ilikuwa imeikwangua sahani, na chuma kikaganda kwenye kipande na kuficha uzito uliopotea. Maana yake, ripoti yake ya 2019, iliyosema vipande hivyo haviliki, haikuwa sahihi, na karakana moja ilikuwa mbioni kumimina ngoma za breki za mabasi kwa kuitegemea.

Siku hiyohiyo aliwaandikia wasimamishe kazi. Wakasimamisha. Kisha akatangaza kwamba atarudia vipande vyote hamsini na vinne vya ripoti hiyo.

"Mama, unaumwa," mkuu wa maabara alimsihi. "Na ripoti yenyewe watu wameisifu."

"Basi lenye abiria halisimami kwa sifa, Mkuu."

Alipima kati ya matibabu na matibabu, ameketi, kiwiko kimeegemea meza ili mkono usitetemeke. Aliyemwonea huruma aliambiwa, "Nishikie koleo. Huruma weka pale."

Septemba 2024 miguu ilikataa. Vipande sita vilikuwa vimebaki. Mkuu alikuja kitandani na karatasi, akasema hesabu za vilivyotangulia zinatosha kukisia vilivyosalia.

"Andika havijapimwa," alisema dada. Akasubiri mpaka Mkuu alipoandika, mara sita.

Alifariki nyumbani Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, sisi wadogo zake wanne, na ripoti yenye mistari sita isemayo "havijapimwa". Jumatatu mashine itawashwa kwa kipande cha arobaini na tisa.

Mungu ampe pumziko jema.