Chuma Mbele, Raba Nyuma: Maisha ya Restituta Kinunda

Baba Paroko, ndugu, majirani na marafiki mlioteremka kutoka Maguu na mliokuja kwa boti kutoka Liuli, mimi ni Othmar Kinunda, mdogo wake marehemu, na leo asubuhi shemeji yangu Erasmo ameniambia, "Shemeji, ukisoma kwa kunong'ona hatakuwa yeye," kwa hiyo nitasoma kwa sauti, na furaha ikinipanda sitaizuia.

Dada yetu Restituta Tarsisi Kinunda alizaliwa Maguu tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa pili wa mzee Tarsisi, dereva wa lori la kahawa, na mama Ephrasia, mkulima, akasoma shule ya msingi hapo hapo Maguu tangu mwaka 1987 hadi 1993, na sekondari Mbinga mjini hadi mwaka 1997, na kila likizo alipanda lori na baba, akimwuliza kwa nini amebadili gia pale na si kule, mpaka baba alipochoka na maswali akampa usukani, leseni ikiwa bado mbali sana.

Alisomea ukunga Songea, akahitimu mwaka 2001, na Februari 2002 akapangiwa zahanati ya hapa mwambaoni, ambako amefanya kazi mpaka alipougua, na humu uwanjani naona vijana wengi waliopokewa na mikono yake. Tarehe 9 Julai 2005 alifunga ndoa na ndugu Erasmo Ndomba, mfanyabiashara wa usipa, dagaa wa ziwa letu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Rosa, aliyezaliwa mwaka 2006, na Florian, aliyezaliwa mwaka 2010.

Mwaka 2019 walinunua Subaru ya bluu ambayo ninyi nyote mnaifahamu, na kwa kuwa zahanati haikuwa na gari la wagonjwa, kiti chake cha nyuma kikawa kitanda cha akina mama waliopewa rufaa kwenda hospitali, lakini mwaka 2021 dada alikwenda kutazama mbio za klabu ya magari kwenye njia yao ya mzunguko nje ya Songea, akaenda mtazamaji akarudi mshindani, na tangu hapo gari lile lile likawa la wazazi siku za kazi na la mbio Jumamosi.

Sasa, Agosti 2023, mauntingi za shokapu zilichakaa, yaani vile vipande vya raba vinavyoshika kichwa cha shokapu kwenye bodi, na gari likawa linayumba kwenye kona, usukani unapindwa huku na tairi zinafikiria kwanza, na mashindano makubwa yalikuwa Oktoba. Tulikwenda wote watatu, dada, Erasmo na mimi, kwa fundi Joakim pale Mbinga, naye akaweka mezani mauntingi za raba ngumu na za chuma zenye beringi, ambazo hazinepi hata kidogo, tena zina nafasi za kurekebisha mlalo wa tairi. "Mama, funga chuma zote nne," Joakim akasema, "Oktoba utawaacha wote." Erasmo akarukia, "Funga, fundi!" Dada akaichukua ile ya chuma, akaigeuzageuza mkononi, macho yanamng'aa kama mtoto, kisha akauliza, "Gari likiingia kwenye shimo, aliyelala nyuma anasikia nini?" Joakim akacheka, "Analisikia shimo lote, mama." Mimi niliyemjua nikaona anavyoumia, kwa sababu alitaka kushinda kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, kisha akasema, "Mbele chuma, nyuma raba ngumu. Kelele tutazisikia mimi na Erasmo."

Wiki iliyofuata alimpakia Edina, aliyepo hapa, uchungu umemkaza, na Erasmo anasema huko mbele kulikuwa kunagonga kama mtu anayepiga bati, mpaka Edina akauliza kutoka nyuma, "Nesi, mbona huko mbele mnapigana?" Dada akamwuliza, "Wewe huko unaumia?" Edina akajibu, "Naumia mtoto, si gari!" Mtoto alizaliwa salama saa hiyo hiyo walipofika hospitali, na anaitwa Restituta.

Halafu ikafika Jumamosi tarehe 21 Oktoba 2023, ndugu zangu, na kama hamkuwepo mmekosa! Dada alianza wa sita, kila kona pua ya Subaru inakata kama kisu, wa tano, wa nne, wa tatu, Erasmo kapanda juu ya pipa anapiga mayowe, wa pili, na kona ya mwisho akamfikia kijana Edmund wa Songea, aliyefunga chuma zote nne, wakaingia sambamba, na hapo mkia wa dada ukateleza kidogo, akaukamata, lakini Edmund alikwishapita. Akawa wa pili. Alishuka akiruka, akamkumbatia Edmund, na Erasmo akamwambia, "Tufunge chuma na nyuma, mwakani kombe ni letu!" Dada akamjibu, "Na wazazi tuwalaze juu ya kombe?" Tulicheka mpaka barabara ya kurudi nyumbani ikaisha, na sijawahi kumwona mtu aliyeshindwa akiwa na furaha namna ile.

Januari 2025 alianza kuumwa tumbo, vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho, akatibiwa Songea kisha Dar es Salaam, akaomba arudishwe ziwani, na tarehe 3 Juni 2025, alfajiri, alifariki nyumbani, mume na watoto wakiwa wamemshika mikono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wafanyakazi wenzake wa zahanati, majirani mliopika na kuchota maji siku zote hizi, fundi Joakim, na klabu ya magari mliokuja kwa msafara, taa zikiwaka mchana. Wengi mmeuliza kuhusu Subaru, na Rosa, aliyepata leseni mwezi Aprili, ameniagiza niwaambie kwamba mzazi akishikwa na uchungu wakati wowote, mje mgonge, ataendesha yeye.

Dada, tumeona ulivyokimbia. Pumzika sasa, kwa amani ya Bwana.