Javan Wesonga Alizaliwa Pangani

Ndugu waombolezaji, majirani wa Kaloleni na wageni wote, marehemu Mzee Javan Wesonga alizaliwa tarehe 14 Machi 1935, mahali tutakapopataja mwishoni, maana hapo ndipo ugomvi ulipo, na familia inawaomba mtulie.

Alisoma hapa Nairobi hadi mwaka 1951, akaajiriwa kwenye karakana ya reli Januari 1954, akamwoa Mama Kageha tarehe 9 Desemba 1961, wakajaliwa watoto wawili, Muhonja na Griffins, na hadi alipostaafu mwaka 1990 hakuna aliyekuwa na neno naye.

Balaa lilianza hapo, aliponunua nakala ya ramani ya mji ya miaka ya thelathini, akaibandika sebuleni juu ya picha ya harusi yao, akawa anamwonyesha kila mgeni kijiji cha Pangani kilichobomolewa mwaka 1939, ambako wazazi wake walipanga chumba. Jumapili, watu wamevaa vizuri wanaelekea kanisani, mzee huwapitisha Pangani, husimama katikati ya barabara na karatasi yake, magari yanapiga honi, naye anaeleza kwamba hapo alipokanyaga ndipo palipokuwa na mlango wa mama yake. Mama Kageha alichoka, akasema wazi kwamba yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na ramani.

Mwaka 1994, katika mazishi ya mdogo wake mzee, ilisomwa kwamba marehemu alizaliwa Butula, kwa kuwa kwetu mtu husemwa kazaliwa walikozikwa babu zake, hata kama mama yake mwaka ule hakutoka Nairobi. Mzee alisimama kando ya jeneza akamkatiza msomaji, na aibu ile Mama Kageha hajaisahau.

Mei mwaka huu kisukari kilimzidi, akalazwa, akafariki alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1997, baada ya kumwambia mkewe, "Wataandika Butula. Usikubali."

Wazee wa ukoo waliandika Butula. Mama Kageha, aliyetishia miaka saba kuwashia makaa kwa ramani ile, aliibandua ukutani, akaitandaza mbele yao juu ya vikombe vya chai, akaweka kidole, na hakukitoa mpaka wakafuta.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa reli, majirani, na Habibo wa dukani, aliyeonyeshwa ramani kuliko mtu yeyote kwa sababu hakuwa na pa kukimbilia. Kesho tunampeleka Butula, maana ndiko nyumbani, na hilo mwenyewe hakulikataa.

Mzee Javan Wesonga alizaliwa Pangani. Tumelisoma mbele ya watu wote, Baba Muhonja, sasa usisimame tena, pumzika kwa amani.