Mzee Injini na Ufunguo wa Kisima

Wasikilizaji wapendwa, kama redio iko mbali, isogezeni. Leo tunamkumbuka fundi wa pampu aliyetutoka juma lililopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Watu walimwita Mzee Injini. Hata mkewe alimwita hivyo.

Kwa miaka ishirini na miwili aliendesha pampu ya dizeli kwenye kisima kirefu cha kijiji. Dizeli ikiisha, maji yanasimama. Kila asubuhi, kabla ya chai, alichukua kamba yenye mafundo, akafunga nati kubwa mwishoni, akaishusha kisimani na kutega sikio. Ikilia chubwi, alihesabu mafundo, akajua maji yako wapi.

Mkewe alinisimulia huku akicheka na machozi yanamtoka: "Kisima kile kilikuwa mke mwenzangu. Tena yeye ndiye mkubwa! Anaamkiwa kwanza, mimi baadaye."

Kisha zikaja paneli za sola. Kijiji kilishangilia, na kilikuwa na haki. Jua halinunuliwi. Injini ya dizeli ikasukumwa pembeni, kuku wakaanza kutagia humo. Lakini Mzee Injini, aliyebaki na ufunguo wa kibanda cha swichi, akaja na sharti: saa nane mchana, pampu inazimwa. Jua linawaka, watu wana ndoo mkononi, yeye anazima.

"Jua halichoki, kisima kinachoka," alisema. "Zamani dizeli ikiisha, kisima kilipumzika. Sasa nani atakipumzisha?"

Nani amsikilize? Ulikuwa mwaka wa pili bila mvua ya maana. Watu wakasema ana wivu tu, mashine yake imekufa na anataka wafe nayo. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mmoja mwenye sauti kweli kweli, akamnyang'anya ufunguo mkutanoni. Wengine walipiga makofi. Mzee Injini aliinamisha kichwa, akaenda nyumbani.

Nasema tena, wasikilizaji: alinyang'anywa ufunguo mbele ya watu.

Pampu ikafanya kazi tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Wiki ya tatu bomba likaanza kukohoa. Likatoa matope, halafu upepo, halafu kimya. Pampu ilikuwa imeungua. Familia nne zikafunga mizigo zihame.

Mwenyekiti akaenda kwa Mzee Injini peke yake, akaweka ufunguo mezani. Mzee akamtazama, akasema, "Mama, umekula? Kaa ule kwanza, tuna mabomba ya kuvuta."

Wakavuta, bomba baada ya bomba, watu thelathini na kamba moja, mpaka pampu iliyoungua ikatoka kisimani. Pampu nyingine ikapatikana, lakini Mzee Injini akakataza isiwashwe. Siku kumi na moja watu walichota maji mbali, wakanung'unika, wakangoja. Yeye kila asubuhi anashusha nati yake, mpaka maji yakapanda mafundo tisa. Ndipo akawasha. Na saa nane akazima.

Ukame uliendelea mwaka mwingine mzima. Kisima hakikukauka. Nasema tena: hakikukauka. Zile familia nne zikafungua mizigo. Leo mwenye kamba ni mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa, na ikifika saa nane hakuna anayelalamika, isipokuwa mumewe: naye sasa anaamkiwa baada ya kisima.

Jana mwenyekiti yule alikuja hapa studio. Tulimpa chai, akaisogeza kando, akaomba kipaza sauti. Maneno yake ni haya:

"Ufunguo nilimnyang'anya mbele ya watu, nikamrudishia faraghani. Miaka tisa tumefanya kazi pamoja, hakuwahi kunikumbusha hata siku moja. Basi leo, mbele ya kila mwenye redio, nasema: Mzee Injini, nilikosea. Nisamehe."

Kwa mjane, watoto na wajukuu, poleni sana. Mungu amlaze pema. Nasi, wasikilizaji wapendwa, tujiulize: ni nani tuliyemwaibisha hadharani, kisha tukamwomba radhi kwa mnong'ono, au hatukumwomba kabisa? Kama mtu huyo yu hai, hatuhitaji redio. Tukabishe hodi kwake leo.